Dawa za Akili na Maudhi Yake Kwenye Ufuo wa Fizi

Dawa inayotuliza akili haiishii akilini. Hugusa na viungo vingine vya mwili, na mgonjwa ndiye wa kwanza kuhisi: ulimi mzito, mikono inayotetemeka, usingizi wa mchana, njaa isiyoshiba, choo kigumu. Penye wataalamu, maudhi hayo hupelekwa kwa daktari naye akapunguza kipimo au akabadili dawa. Kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Makobola kupita Mboko, Nundu, Lusenda na Lweba hadi Baraka, mambo yamekwenda vingine. Lweba iko kilomita 78 hivi kusini mwa Uvira. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Bukavu iko mbali zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na ile ya Kamenge, Bujumbura, ingawa ni karibu zaidi, iko ng'ambo ya mpaka. Vidonge vimeweza kuvuka umbali huo mara nyingi kuliko watu wenye ujuzi wa kuvisimamia. Ndiyo maana historia ya dawa hizi katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo, ni, kwa sehemu kubwa, historia ya familia zilizoachiwa maudhi yake zitafute njia zenyewe.

Kabla ya vidonge kulikuwa na mizizi. Katika nchi nyingi za Afrika ya magharibi na ya kati waganga walitibu wazimu kwa magamba ya mzizi wa mti ambao wanasayansi huuita Rauvolfia vomitoria. Jina hilo la pili linatokana na kutapisha, kwa maana mgonjwa aliyekunywa maji ya mzizi huo alitapika, akaharisha, kisha akalala usingizi mzito. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, walitenga kemikali ya reserpini kutoka ndugu wa mti huo anayeota India, na haikuchukua muda ikagundulika kwamba mzizi wa Afrika nao umejaa reserpini. Kongo ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magamba hayo kwa viwanda vya Ulaya na Marekani. Kwa miaka michache reserpini ilitumika sana katika hospitali za wagonjwa wa akili, na maudhi yake yakajulikana vizuri: shinikizo la damu kushuka hadi mtu akaona kizunguzungu anaposimama, pua kuziba, kuhara, na huzuni nzito iliyowapata baadhi ya wagonjwa. Mganga wa mizizi hakuyajua hayo kwa majina ya kitaalamu, lakini alikuwa na jambo moja ambalo hospitali nyingi za baadaye zililikosa. Mgonjwa aliishi nyumbani kwa mganga kwa wiki au miezi. Aliyetoa dawa ndiye aliyemwona mtu akitapika, ndiye aliyeamua leo asipewe, na ndiye aliyempa uji alipoamka. Yapo mengi ya kulaumiwa katika tiba hizo, minyororo na viboko vikiwa vya kwanza, ila usimamizi huo wa karibu ulikuwa na thamani ya kweli.

Serikali za kikoloni zilileta utaratibu mwingine, yaani kumwondoa mgonjwa kwao. Upande wa mashariki wa ziwa, wamisionari Wajerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakafungua hospitali ya Mirembe mjini Dodoma katika miaka ya 1920. Dawa zilizokuwapo wakati huo hazikutibu bali zililaza tu. Bromidi ilikusanyika mwilini ikaleta vipele, usahaulifu na kuchanganyikiwa kulikofanana na wazimu wenyewe. Paraldehaidi ilimfanya mgonjwa anuke kinywa siku nzima. Fenobarbitali, iliyoingia sokoni mwaka 1912, ilikuwa afadhali kuliko zote, na mpaka leo ndiyo dawa ya kifafa inayopatikana kwa urahisi zaidi katika vituo vya afya vya Kongo. Nayo ina bei yake. Mtoto anayeitumia husinzia darasani au, kinyume chake, huwa mkorofi asiyetulia, na mtu mzima hupungukiwa na wepesi wa mawazo. Hatari kubwa kuliko hizo hutokea inapokatizwa ghafla, kwa kuwa degedege hurudi kwa nguvu na huweza kumuua mgonjwa. Katika nchi ambayo watu wamelazimika mara kwa mara kukimbia usiku bila kubeba kitu, hilo limekuwa jambo zito.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Desemba 1950, pale mwanakemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa, alipotengeneza klorpromazini. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walionyesha kwamba inaondoa sauti na hofu za wagonjwa ambao walikuwa wamekatiwa tamaa. Ikauzwa kwa jina la Largactil. Haikupita miaka mingi kabla ya tatizo kuonekana: mwaka 1954 daktari Hans Steck wa Lausanne, Uswisi, alieleza kwamba wagonjwa wake waliotumia klorpromazini na reserpini walikuwa wakikakamaa na kutetemeka kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson.

Sababu yake ilifahamika baadaye. Dawa hizi huzuia kazi ya dopamini ndani ya ubongo. Kazi ya dopamini ikipungua katika njia za mawazo, sauti hunyamaza. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli, na ndiyo inayozuia homoni ya maziwa isizidi. Kidonge hakina uwezo wa kuchagua njia moja na kuiacha nyingine. Klorpromazini inaongeza ya kwake: huifanya ngozi iungue upesi juani, hukausha kinywa, na hushusha shinikizo la damu.

Kwa Kongo, dawa iliyokuja kuwa na uzito zaidi ni haloperidoli. Ilitengenezwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji, ikajaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa Liège, miaka miwili tu kabla ya uhuru wa Kongo. Bei yake ndogo, udogo wa kipimo chake na urahisi wa kuihifadhi viliifanya iwe nguzo ya tiba katika nchi maskini. Ilipotolewa orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977, haloperidoli ilikuwamo pamoja na klorpromazini. Ubaya ni kwamba kati ya dawa za kundi hilo, haloperidoli ni miongoni mwa zile zinazokakamaza mwili zaidi.

Kukakamaa kwenyewe kuna sura kadhaa, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kila moja imekuwa na hatima yake vijijini. Sura ya kwanza huja ndani ya siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume waliodungwa sindano. Shingo hupinda upande mmoja, taya hufunga, ulimi hutoka nje, macho hugeukia juu yakakwama huko. Mgonjwa ana akili zake timamu, anasikia kila kitu, lakini hawezi kusema. Ndugu aliyeketi kando yake anaona mtu aliyeingiwa na pepo, au aliyewekewa sumu, au aliyelogwa. Familia ngapi zimembeba kijana wao kumtoa hospitalini zikampeleka kwenye chumba cha maombi kwa sababu ya saa hiyo moja, hakuna rejista inayosema. Tiba yake ni nyepesi kuliko hofu yake: sindano ya biperideni humnyoosha mgonjwa katika muda wa nusu saa hivi, na isipopatikana, prometazini au diazepamu husaidia. Dawa hizi mbili za mwisho hata vituo vidogo vya afya huwa nazo, moja kwa ajili ya mzio na nyingine kwa ajili ya degedege. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu aliyefundishwa kutambua hali hiyo na kuwaambia ndugu mapema kwamba huenda ikatokea.

Sura ya pili ni kukosa utulivu. Mgonjwa hawezi kukaa, anatembea huku na huko, miguu inamwasha kwa ndani, usiku halali. Hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa maana inafanana na ugonjwa kuzidi. Muuguzi asiyejua huongeza haloperidoli, mateso yakaongezeka, na wapo wagonjwa wanaotamani kufa kwa ajili ya hali hiyo. Dawa ya hapa ni kupunguza kipimo, au kuongeza propranololi, dawa inayojulikana zaidi kwa matibabu ya moyo na shinikizo la damu.

Ya tatu huja polepole, wiki baada ya wiki: uso usiocheka, hatua fupi, mikono isiyopunga mtu anapotembea, mate yanayochuruzika kidevuni. Kijana wa namna hii haogopwi tena na jirani, ila anadharauliwa. Kwa sababu yake ilizoeleka kuambatanisha kila agizo la haloperidoli na triheksifenidili, iliyojulikana kwa jina la Artane na kutumika tangu 1949. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani hauungi mkono mazoea hayo ya kuiandika kwa kila mtu, kwa kuwa Artane nayo hukausha kinywa, hufunga choo, huvuruga kumbukumbu, na wapo wanaoitumia kama kilevi. Busara ni kuanza na kipimo kidogo cha dawa ya kwanza ili ya pili isihitajike.

Watu wa Kivu hawakuwa wageni wa maudhi ya dawa. Kwinini imelimwa na kusindikwa katika jimbo lao kwa miongo mingi, na wengi walioinywa walijua masikio yatavuma na kichwa kitazunguka. Walivumilia, kwa kuwa waliambiwa mapema, na tiba ya malaria huisha kwa siku saba. Dawa ya akili hunywewa miaka, wakati mwingine maisha yote, na maudhi yake humpata mtu aliyekwisha kujisikia mzima. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Mgonjwa aliyeacha vidonge ameitwa mkaidi, au mjinga anayeshika mambo ya uchawi, na lawama hiyo si ya haki. Mara nyingi alikuwa amepima mwenyewe, kwa akili iliyotulia, kati ya sauti zilizoondoka na mwili usiomtii, wala hakukuwa na mtu karibu wa kumpunguzia kipimo.

Kwa nini hakuwapo, siasa inaeleza sehemu yake. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960 bila kuwa na madaktari wake wenyewe. Fizi ikawa ngome ya uasi wa Simba, na baada ya hapo ya maquis, yaani kundi la waasi la msituni, la Laurent-Désiré Kabila. Ernesto Che Guevara, ambaye mwenyewe alisomea udaktari, alivuka ziwa kutoka Kigoma kuwasaidia waasi hao, akatua Kibamba Aprili 1965. Dawa za wapiganaji zilipita njia hiyohiyo ya mashua, na Novemba ya mwaka huo alirudi alikotoka. Milima ya Fizi ilibaki pembeni mwa huduma za serikali kwa miaka mingi iliyofuata. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, mpango uliosifiwa ulimwenguni kwa kuisogeza tiba karibu na kijiji. Hospitali kuu ya Nundu, ya kanisa la Methodisti Huru, ikawa tegemeo la watu wa ufuoni. Lakini mpango ulihesabu chanjo, uzazi na malaria kwanza. Magonjwa ya akili yalibaki kazi ya miji na ya watawa. Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, ndio walioendesha hospitali za akili za Ndera nchini Rwanda, Kamenge nchini Burundi, na baadaye Sosame ya Bukavu, iliyoanza mwaka 1994.

Umbali wa hospitali hizo ndio ulioipa umaarufu sindano ya muda mrefu. Flufenazini iliyochanganywa na mafuta, iliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1960, hudungwa mara moja ikafanya kazi kwa wiki mbili hadi nne. Kwa familia ya Lweba ina faida inayoeleweka: hakuna vidonge vya kugombania kila jioni, na safari ni moja au mbili kwa mwezi. Upande wa pili ni mkali. Kidonge kikimkakamaza mtu, kesho anaweza kukiacha. Sindano ikishaingia haitoki, na mwenye kukakamaa atakaa hivyo mpaka mafuta yaishe mwilini.

Kisha vita vikaja. Septemba 1996 raia Wabanyamulenge waliuawa kwa wingi Baraka na Lweba, na mwisho wa Desemba 1998 raia wa Makobola waliuawa kwa mamia. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa hadi mkoa wa Kigoma, kwenye kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kwa wanaotumia dawa za akili na za kifafa, kila kuvuka kulikuwa kukatizwa kwa tiba. Agizo lililoandikwa kwa Kifaransa lilisomwa na mhudumu aliyefundishwa kwa Kiingereza. Kidonge cha haloperidoli huweza kuwa cha miligramu moja na nusu au cha tano, na mgonjwa anayeambiwa aendelee kunywa viwili, kama alivyozoea, huweza kujikuta amemeza zaidi ya mara tatu ya kipimo chake. Kurudi kulianza Oktoba 2005, wakati Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipoanza kuwasafirisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2015 mkondo ulielekea upande mwingine: Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walipewa kambi ya Lusenda, jirani na Lweba, nao wakawa mbali na Kamenge.

Wakati huo mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kujenga huduma ufuoni. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi Baraka mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida kutibu magonjwa ya akili, likatoa mwongozo wake mwaka 2010, na mwingine wa maeneo ya vita na wakimbizi mwaka 2015. Thamani ya miongozo hiyo haiko katika kutaja dawa mpya. Iko katika kumpa muuguzi wa kituo cha afya ruhusa na ujuzi wa kufanya mambo madogo ambayo zamani yalingoja daktari wa Bukavu: kuanza na kipimo cha chini, kuongeza polepole, kumuuliza mgonjwa mwili unamwambia nini, na kushusha kabla hajakimbia.

Mambo hayo madogo hutegemea maisha ya mahali. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa, na mtu aliyemeza klorpromazini au amitriptilini jioni hafai kuwa kwenye mtumbwi. Kwa jamaa wengine kuhamishia dawa usiku ndiyo suluhisho la usingizi wa mchana, ila kwa mvuvi hesabu hugeuka, na wakati mwingine inabidi abaki na kazi za pwani, kuanika na kuuza. Mama anayelima muhogo akitumia klorpromazini anahitaji nguo za mikono mirefu na kitambaa kichwani, na ni heri alime asubuhi. Njaa inayoletwa na dawa, katika nyumba yenye mlo mmoja wa ugali na sombe, huzua ugomvi wa chakula na tuhuma za ulafi. Kufunga choo hupungua kwa maji mengi, mboga na matunda, vitu ambavyo ufuo unavyo. Pombe kali ya lotoko ikichanganywa na fenobarbitali au diazepamu huweza kusimamisha pumzi.

Yapo maudhi ambayo watu hawayasemi mbele ya muuguzi. Homoni ya maziwa ikipanda, msichana hukosa hedhi na maziwa humtoka, na nyumbani huhesabiwa mjamzito. Mwanamume hupungukiwa nguvu, ndoa ikayumba, naye huacha dawa bila kueleza sababu. Wahudumu wanaouliza wenyewe, faraghani, ndio wanaopata jibu. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, valproati ni ya kuepukwa, kwa maana hulemaza mtoto tumboni.

Litiamu, ambayo John Cade wa Australia aliionyesha mwaka 1949 kuwa inatuliza wazimu wa kupanda na kushuka, haijaweza kuwa na mahali pazuri huku. Kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru kuna nafasi ndogo, na damu lazima ipimwe. Mtu akiharisha sana, litiamu hupanda mwilini hadi kuwa sumu, na Fizi ni nchi ya kipindupindu. Klozapini nayo, dawa yenye nguvu kwa wagonjwa ambao nyingine zimeshindwa na isiyokakamaza mwili, hudai hesabu ya chembe nyeupe za damu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Risperidoni na olanzapini, za miaka ya 1990, hukakamaza kidogo kuliko haloperidoli, lakini olanzapini hunenepesha na kupandisha sukari.

Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, mstari wa mapigano ulikaa kati ya Fizi na hospitali ya Sosame. Njia ya dawa ikifungwa namna hiyo, dawa inayokaribia kuisha, ikiwa bado imebaki kidogo, ni bora ipunguzwe hatua kwa hatua kuliko kukatwa siku moja, na kwa fenobarbitali hilo ni la lazima.

Lipo tatizo moja ambalo hata usimamizi mzuri haulimalizi. Baada ya miaka ya haloperidoli, midomo ya baadhi ya wagonjwa huanza kutafuna bila chakula, ulimi huchezacheza, vidole hutikisika. Madaktari wa Ulaya walianza kulieleza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kupunguza dawa kuu huweza kulifichua zaidi kwa muda, na Artane hulizidisha. Dawa ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani mahususi kwa tatizo hilo, valbenazini, ilipata kibali mwaka 2017, na bei yake iko mbali na uwezo wa zoni yoyote ya afya ya Kivu Kusini. Kinachobaki kwa muuguzi wa ufuoni ni kuangalia mdomo na ulimi wa mgonjwa kila anapokuja kuchukua vidonge, ili dalili ya kwanza ionekane wakati ambapo kipimo bado kinaweza kushushwa.